Chibwe wa Mkia

Soko la Kashikishi lilikuwa na Chibwe watatu, na wachuuzi walikwisha kuwapambanua. Chibwe wa Nyavu alikuwa mzee mshona nyavu. Chibwe wa Chumvi alikuwa mwanamke mwenye ulimi mkali. Chibwe wa Mkia alikuwa mbwa mwekundu wa Angèle, muuza vitenge kutoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Hakuna aliyekuwa na undugu na mwenzake.

Chibwe wa Esnart hakuhitaji jina la ziada. Alikuwa mwanawe wa pekee. Miezi saba iliyopita alikwenda kutega samaki, na mtumbwi ulirudi mtupu.

Hatimaye ndugu walipanga wakutane ili mtoto wa Davies, kaka yake Esnart, arithishwe jina hilo lisipotee. Ndiyo desturi. Lakini siku moja kabla, mchana, Davies alifika kwenye meza ya samaki ya Esnart amenuna.

"Dada, mwanangu hatarithi jina linalobweka. Litoe kwanza kwa yule mbwa. La sivyo, kesho msinisubiri."

Esnart alifunika samaki wake, akamwendea Angèle.

"Majina yameisha kwenu? Unapa mbwa jina ya mutu?"

Angèle aliacha kukunja kitenge. "Mimi? Mama, si mimi nilimupa. Ni wewe."

"Haya! Kumbe mama wa mbwa tunaye!" Chibwe wa Chumvi aliangua kicheko. Hakuna aliyemwunga mkono.

"Wakati nilifika hapa," Angèle aliendelea, "kila asubui nilikuona pale kwa maji, unaita Chibwe, Chibwe. Katoto ka mbwa kanatoka ndani ya matete, kanakimbia kwako. Wewe haukukatazama. Unatazama maji tu. Nikasema, huyu mama amechoka na mbwa yake. Nikakapa chakula." Sauti ilimpungua. "Pardon, mama. Sikujua ni mutu unaita."

Esnart alikaa juu ya robota la vitenge. Mbwa alimsogelea, akamlamba magamba ya samaki vidoleni, naye hakuuondoa mkono.

"Nitabadilisha," Angèle alisema. "Kuanzia leo ni Bijou. Bijou, kuya!"

Mbwa hakugeuka.

Kesho yake, kwa kuwa mbwa alikwisha kubadilishwa jina, Davies alimleta mwanawe. Mtoto wa miaka mitatu alipakatwa na Esnart, akapewa maji ya kunywa kama ilivyo desturi ya kurithisha jina, na wazee wakamwita kwa jina jipya.

"Mimi Sampa," mtoto alisema, akajificha uso.

Watu walicheka. Walisema atazoea. Esnart naye alicheka, kwa kuwa wote walikuwa wakimtazama. Kisha wakamwambia jambo la mwisho: asiite tena ziwani. Mwenye jina sasa yuko nyumbani.

Asubuhi iliyofuata miguu yake ilimpeleka ufukweni kama kawaida. Alisimama mahali pale pale, amefunga mdomo. Maji yalikuwa shwari.

Matete yalitikisika. Mbwa alitoka, akaketi miguuni pake, akayatazama maji na yeye. Kisha akainua kichwa kumtazama usoni, masikio wima, akingoja.

"Bijou," Esnart alisema.

Sikio halikucheza.

Esnart alijifunika mdomo kwa pindo la kitenge. Mbwa aliendelea kungoja. Jua lilipanda, mitumbwi ikaanza kurudi, mmoja mmoja, na katika kila mmoja alikuwamo mtu.

"Nenda," alimwambia mwishowe. "Hakuna aliyekuita."