Uvimbe wa Mwaitu

Ni mimi niliyesema ni mukwa, mtu mwingine asisingiziwe. Mama yangu, Mwaitu, amebeba kuni na maji miaka hamsini, mzigo mgongoni na ule mkanda wa ngozi, mukwa, ukimkaza kichwani. Kwa hivyo uvimbe ulipotokea pale nywele zinapoanzia, mgumu kama kokwa la embe, mimi nilijua kila kitu. Mimi mwenye duka, daktari wa kijiji kizima cha Matiliku! Nikamkataza kubeba mzigo, na kila jioni nikifunga duka nilienda kumkanda kwa kitambaa cha maji moto. Nilimkanda miaka miwili.

Uvimbe haukusikia. Ulikua tu, kichwa kikaanza kumgonga, na kaka yangu Nthiwa akachoka na mimi. Alitupeleka Kitui kwa Daktari Ilham, mpasuaji wa vichwa.

Daktari aliinua picha ya kichwa kwenye mwanga.

"Ni mfupa wenyewe wa fuvu," alisema. "Umejaa mishipa midogo ya damu. Ni ugonjwa wa nadra, na mara nyingi si saratani. Lakini tutajua hakika maabara wakiupima."

"Na mukwa?"

"Mukwa hauhusiki kabisa. Nani alisema ni mukwa?"

Nthiwa akanigeukia. Nikamwambia aangalie mbele.

Daktari akaeleza kwamba hawezi kuukata uvimbe katikati, damu itamwagika vibaya. Angekata mfupa wenye afya kuuzunguka, autoe wote pamoja, kisha azibe tundu kwa saruji ya mifupa. Saruji! Kwani mama yangu ni choo? Lakini nilitia sahihi.

Walisema upasuaji utachukua saa tatu. Saa ya nne ikapita, na muuguzi akaingia mbio na mfuko wa damu. Nilimshika mkono, akajitoa bila kuniangalia. Woga ule siwezi kumtakia hata adui. Niliona wazi kwamba Mwaitu akifa, nimemuua mimi na kitambaa changu.

Saa ya tano Daktari Ilham alitoka, barakoa shingoni. "Alivuja sana, lakini uvimbe umetoka mzima. Yuko hai."

Wiki mbili tena za kungoja maabara, bila usingizi, bila chakula. Siku ya majibu daktari alisema maneno mawili tu: "Si saratani." Nikaketi sakafuni mbele ya watu.

Kisha nikamwendea Mwaitu kitandani, kichwa kimefungwa bendeji. "Nisamehe. Nimekuchelewesha miaka miwili na hadithi yangu ya mukwa."

"Mukwa wangu hukaa kwenye paji, chini ya hapo palipovimba," akasema. "Nilijua tangu mwanzo si wenyewe."

Hasira zikanipanda. "Ulijua? Na ukanyamaza, Mwaitu? Ungekufa!"

Akanyoosha blanketi polepole.

"Wayua, kabla ya uvimbe ulikuwa unakuja kuniona Krismasi tu."