Machicha ya Namba Saba

Kwa miaka kumi na tisa mzee mtunza panya wa maabara hakuwahi kuharibu kazi ya mtu. Leo alisimama mlangoni, kofia mkononi, akijua kwamba ameharibu.

Panya ishirini walilishwa mafuta na sukari hadi wakashikwa na kisukari. Kumi wakanyweshwa maji ya majani mabichi, ambayo mtafiti aliamini yana viini vya kulinda ini. Kumi hawakupewa, ili kulinganisha. Sasa maini yao yalikuwa kwenye visahani.

"Njoo uone, baba," mtafiti akamwita. Mtafiti huyo alikuwa rika la binti wa mwisho wa mzee. "Waliokunywa, ini jekundu. Wasiokunywa, la manjano kama siagi. Ila huyu namba saba! Hakunywa, na ini lake safi. Anatuvurugia."

"Mtoe," akasema msimamizi wake bila kuinua macho. "Panya mmoja, nani atauliza?"

"Nitajiuliza mimi, mwalimu."

Neno hilo lilimchoma mzee. Namba saba alikuwa mnyonge, manyoya yamesimama, na kila asubuhi baada ya kukamua majani mzee alikuwa akimtupia machicha kidogo, yale makapi yaliyobaki. Angenyamaza, nani angejua? Panya hasemi.

"Ni mimi, daktari. Nilimpa machicha."

Msimamizi akaruka. "Mzee! Hapa ni jikoni kwa shangazi yako? Mwaka mzima umekwenda na maji!"

Mtafiti hakupaza sauti. Akavuta daftari. "Tangu lini?"

"Wiki ya tatu."

"Kiasi gani?"

"Kama ncha ya kidole."

"Na wengine?"

"Haki ya Mungu, huyo tu."

Akaandika yote kwa wino, kosa na tarehe yake, kwenye ukurasa aliouacha wazi ili aandike ushindi. Mzee alikuwa ameona wenye shahada wengi wakipita chumba kile. Wa namna hii hakuwahi kumwona.

"Kwa hiyo machicha ndiyo dawa?" akathubutu.

"Panya mmoja si jibu, baba, ni swali. Hatumhesabu, na sababu tunaiandika. Jumatatu tunaanza makundi mapya: wa maji, wa machicha, wa kukosa. Utapima wewe."

"Mimi? Baada ya haya?"

"Nimtafute nani mwingine anayesema akikosea?"

Jumatatu mzee alifika wa kwanza, akaikagua mizani mara tatu. Katika kundi la kukosa, mnyonge mmoja akabandika pua kwenye waya.

"Hapana, bwana," mzee akamwambia. "Wewe hapana."

Akafunika ndoo ya machicha.