Mikono Ndani ya Blanketi

Ieleweke mapema kwamba cheo cha Redio kilikuwa kirefu kuliko mamlaka yake. Kadi iliyoning'inia shingoni ilimtaja kuwa msaidizi wa huduma za dharura. Kazi yenyewe ilikuwa kufuta machela, kubeba mifuko na kushika upande wa miguu. Jina la Redio alilipata bwenini, alikoadhibiwa kila mara kwa kuongea baada ya taa kuzimwa. Sasa alilipwa mshahara kwa kosa lilelile: tabibu akihangaika na mgonjwa, Redio humwongelesha mgonjwa hofu isimzidi. Dunia haina haya.

Asubuhi moja yeye na tabibu waliitwa ghorofa ya tatu ya jengo ambalo lifti yake ilikuwa imegoma. Dereva wao alibaki chini kugeuza gari. Mgonjwa alikuwa mzee aliyestaafu kuendesha malori, mwili kama kabati, jasho linamtiririka, kiganja kimekandamiza kifua. Tabibu alimpa kidonge atafune, akampima moyo, kisha akamnong'oneza Redio, "Huyu hatakiwi kukanyaga hata ngazi moja. Na muda hatuna."

Wakamkalisha kwenye kiti cha kubebea, wakamfunga mikanda. Likabaki blanketi. Utaratibu ni kuingiza mikono ya mgonjwa ndani yake na kulibana vizuri, kwa sababu mtu anayebebwa kwenye ngazi hudaka chochote kilicho karibu.

"Mnanizongazonga hivi, mnakwenda kunizika?" mzee aliuliza. "Mikono yangu iacheni."

"Kifua kimembana, mdomo haujambana," mkewe akasema, huku akimfuta jasho kwa upande wa khanga.

Redio akamwonea huruma mzee wa watu. Tabibu alikuwa ameinama anafunga mkoba wake, hakuona. Mikono ikabaki nje.

Tabibu akashika upande wa kichwani. Redio akashika miguuni, akishuka kinyumenyume, uso kwa uso na mzee. Ngazi za mwanzo zilikwenda vizuri. Walipofika kwenye kona, mzee akachungulia chini, akaidaka reli kwa mikono miwili. Kiti kikayumba, uzito wote ukamjia Redio kifuani. Mguu wake ukatafuta ngazi ukaikosa, ukatafuta tena ukaipata.

"Achia reli, Mzee," tabibu akasema.

"Siachii. Huyu mtoto haoni anakokwenda."

Jambo baya ni kwamba alisema kweli. Mikono minne ya wabebaji ilikuwa imeshika kiti, haukuwepo hata mmoja wa ziada. Mikono pekee iliyokuwa huru ni ya mgonjwa, nayo ilikuwa imeasi. Midomo yake ilizidi kukauka na pumzi ilikuwa inakatikakatika. Redio alijua vizuri nani aliyeiacha mikono hiyo nje.

"Mzee, lori lako lilikuwa na utingo?"

"Lori gani linakosa utingo?"

"Ukirudi nyuma alikuwa anafanya nini?"

"Anasimama mahali ninapomwona. Ananielekeza."

"Basi mimi ndiyo narudi nyuma hapa, na sioni. Leo wewe ni utingo wangu."

"Yaani nimeshushwa cheo," mzee akasema.

"Kidogo tu. Lakini sijawahi kuona utingo anaelekeza gari huku ameng'ang'ania ukuta."

Mzee akamtazama kama anayepima mzigo. Kisha mkono mmoja ukaachia, na wa pili ukafuata. Ikatua mapajani, kisha akainua mmoja kidogo na kumwita kwa vidole: njoo, njoo.

"Usiseme sana, Mzee, ishara zinatosha," tabibu akasema.

"Kata kushoto," mzee akanong'ona. "Kushoto kwako, si kwangu. Njoo. Hapo, simama, pumua."

Hivyo ndivyo mtu mwenye moyo mgonjwa alivyowashusha wazima wawili hadi chini.

Hospitalini daktari alitazama mashine na kusema wamemwahisha. Mkewe aliketi ghafla kwenye benchi kama aliyekatwa kamba. Redio akaanza kufuta kiti. Tabibu akaja kusimama karibu naye.

"Nani aliacha mikono nje?"

"Mimi."

"Tungeanguka wote watatu."

"Najua."

Tabibu akageuka akaenda kujaza fomu, na hilo lilimchoma kuliko kufokewa. Njia nzima dereva, aliyesimuliwa na mke wa mzee, alikuwa amemsifia ujanja wake. Lakini Redio, akisugua mkanda uliokwisha kung'aa, aliona wazi kwamba alikuwa amezima moto aliouwasha mwenyewe. Huruma yake ndiyo iliyotaka kumuua yule mzee, na aliifurahia alipokuwa akiitoa.

Mchana walimchukua bibi mmoja aliyevunjika nyonga, kwenye nyumba yenye ngazi nyembamba.

"Mwanangu, usinifunge mikono," bibi akamsihi.

Redio akamwonea huruma ileile, haikupungua hata chembe. Akaiingiza mikono ndani, mmoja mmoja, akalibana blanketi. Kisha akapiga magoti mbele yake, mahali anapoonekana, akaanza kuongea.