Alagama Iliyoliwa na Kutu

…si uchafu, jamani, atamwambia mara ngapi kwamba si uchafu, na Ethuro, ndugu ya marehemu mumewe, bado ameunyoosha mkono juu ya meza, mkono wa pili umeshika brashi ya waya, bakuli la maji ya ndimu liko tayari, "Shemeji, leta hiyo kitu nisugue, mnunuzi wa Lodwar anataka yenye inang'aa," na Namuar ameukumbatia mkebe wa biskuti kifuani, ndani yake alagama, pete ya shingoni ya mke wa mtu, aliyoifukua mwenyewe jana kwenye mchanga wa mto mkavu hapa Kakuma, mashine ya kutafutia dhahabu ilipolia akadhani ametajirika, kumbe shaba, kijani tupu, nyembamba, imejaa nyufa, akaitambua kwa ule mwanya wa nyuma, shingo yake inaujua mwanya huo, naye alivaa yake mpaka walipomzika mume na huyuhuyu Ethuro akaitwaa, akaikata kwa msumeno, akaigeuza bangili, akaziuza, na yeye kimya, eti heshima… "Shemeji, unasikia?" anasikia, mbona asisikie, labda asugue kidogo tu, pembeni, nyumba ipate amani… lakini jana walipoifungua na Céline, yule Mkongo muuza viatu aliyempa vile vijifuko vya kunyonya unyevu vya kwenye maboksi, wavipange kuizunguka, chembe zilidondoka zenyewe bila kuguswa, "Mama, ndani imeshaliwa yote," Céline alinong'ona, "ni kutu tu ndiyo inaishikilia," basi huyu akishamaliza kusugua atabaki na nini, bakuli la maji ya kijani? na ule ukanda wa ngozi ulioganda kwenye kutu, bado mwekundu kwa mafuta na udongo, kuna mwanamke aliupaka kwa vidole vyake, alikuwa na jina, pengine na mashemeji pia, maskini… "Ni uchafu tu hiyo!" uchafu! ebo, hicho anachokiita uchafu ndicho chote kilichobaki cha yule mama, na ile ya kwake mwenyewe haikubakisha hata hicho, lo, alinyamaza vipi siku ile, alinyamaza vipi, na hasira inampanda tamu, haogopi, kumbe alikuwa haogopi tangu zamani ila hakuna aliyemwambia, na mkono wa Ethuro upo palepale, haujashuka, akitaka akae nao hivyo mpaka ziwa likauke, safari hii hapewi.