Rinda la Mdoli wa Leba

Mwanamke yule hakubisha. Tulimwona tu amesimama mlangoni mwa chumba cha mazoezi, mtoto mgongoni, mfuko mkubwa wa nguo za mitumba umeegemea mguu wake, macho yake yakipita juu ya wanafunzi wangu mmoja baada ya mwingine.

"Natafuta wale wa nguo za bluu," akasema.

Chuoni kwetu Homa Bay kila mwanafunzi wa uuguzi huvaa bluu. Asubuhi hiyo ya Jumatano walikuwa wamezunguka meza, na juu ya meza alilala mdoli wetu wa leba, wa kujifunzia kuzalisha: mwanamke wa plastiki, mrefu kama mtu mzima, tumbo la miezi tisa, miguu imetanuliwa, bila uzi mwilini. Wafadhili wa ng'ambo walimleta miaka minne kabla. Wanafunzi walimwita Manzi wa Ulaya, yaani msichana wa Ulaya. Elvis, mchekeshaji wa darasa, alikuwa amemvisha glavu kichwani kama kilemba.

"Karibu, mama," nikasema. "Kuna shida?"

"Shida ilikuwa mwezi wa pili."

Akatueleza akiwa palepale mlangoni. Jina lake Gesare. Ana kibanda cha marinda Migori, na kila Jumatano huleta nguo soko la Homa Bay. Mwezi wa pili uchungu ulimshikia hapo sokoni, wakamkimbiza hospitali iliyo ng'ambo ya ukuta wetu, ambako wanafunzi wetu hupelekwa kujifunza.

"Waliingia wengi. Hakuna aliyesema jina lake. Mmoja akanivuta rinda mpaka shingoni, mwingine akalitupa kwa ndoo. Mlango wazi, na watu wamekaa kwa baraza na chupa zao za chai, wananiangalia. Nikasema nipeni hata leso. Nikaambiwa, mama, hapa si harusini. Wakacheka."

Hakupandisha sauti. Alimpandisha mtoto tu mgongoni akaendelea.

"Mtoto alitoka salama, nashukuru Mungu. Lakini kila Jumatano nikipita hapo nje najiuliza, hawa watoto wa watu, nani aliwafundisha hivi? Leo nikasema wacha niingie niulize."

Ndipo akaona kilichokuwa mezani. Akasogea, wanafunzi wakampisha.

"Ni huyu mnajifunza naye?"

"Ndiyo, mama," nikasema.

"Na analala hivi siku zote?"

"Siku zote."

"Haoni baridi. Haulizwi kitu." Alimwangalia mdoli kwa muda, kisha akamgeukia Elvis, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kidevu kimegusa kola. "Basi, kijana, mimi na wewe hatuna kesi. Ulinifanyia vile umezoea kumfanyia huyu."

Sikuwa nimejua kwamba Elvis alikuwepo siku ile. Aliondoa glavu kwenye kichwa cha mdoli, akaikunja, akaitia mfukoni.

Mimi hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka moto. Kwenye kitabu chetu kuna sura nzima ya heshima ya mama mzazi. Niliikariri nilipokuwa mwanafunzi, nikapata alama zote, na sasa nilikuwa naifundisha. Kisha tunatoka darasani, tunaingia chumba hiki, na mwanamke wa kwanza tunayemgusa hana hata kitambaa. Sanduku alimoletwa mdoli lilikuwa na betri za akiba, watoto wawili wa mpira, na pakiti nzima ya vitovu vya kubadilisha. Watu walikaa mezani mahali fulani wakafikiria vitovu vya akiba, wasifikirie nguo. Na sisi tuliompokea hatukufikiria pia.

"Mama Gesare," nikasema, "Jumatano ijayo ukipita hapa utamkuta amevaa."

Alitabasamu kidogo, bila furaha. "Sista, nyinyi watu wa hospitali mnaahidi sana."

"Mimi nimekuahidi."

"Haya. Jumatano." Akabeba mfuko wake akaenda sokoni.

Nilidhani ni kazi ya dakika kumi. Jioni nilileta rinda langu la kanisani, halikuingia hata kichwani, maana mikono ya mdoli haikunjiki. Dera la jirani yangu liliingia, likaning'inia mabegani kama pazia na kukwama tumboni. Kesho yake niliazima tepu kwa fundi wa ng'ambo ya barabara nikaanza kumpima vizuri. Elvis alinikuta peke yangu nikihangaika na ncha mbili. Akashika moja bila kuambiwa. Tepu ilipofika nyonga, akatazama dirishani.

"Elvis, ni plastiki," nikamwambia.

"Najua, Madam." Aliendelea kutazama dirishani. "Yule mama alisema leso, na mimi ndiye nilisema mambo ya harusi. Nilitaka wenzangu wacheke."

Nikaandika vipimo kwenye kiganja changu: kifua, tumbo, nyonga, bega mpaka goti.

Jumamosi Gesare huwa kanisani, ni Msabato asiye na mchezo, kwa hiyo nilienda Migori Jumapili. Kibanda chake kiko katikati ya msitu wa marinda yaliyotundikwa. Kando yake anakaa Boaz, muuza viatu, ambaye sikio lake moja liko kwa wateja wake na la pili kwa wateja wa Gesare.

"Natafuta rinda la mtu mwingine," nikasema.

"Yeye mwenyewe yuko wapi?" akauliza Boaz.

"Yuko Homa Bay, amelala."

"Mgonjwa?"

"Mjamzito."

"Pole yake. Mimba ya miezi mingapi?"

"Tisa. Lakini yuko hivyo mwaka wa nne sasa."

Boaz aliweka kiatu chini. "Huyo mtoto atatoka na ndevu, akiuliza kura zinapigwa lini."

Gesare alicheka mpaka akashika nguzo. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka. Kisha akashika mkono wangu, akasoma vipimo kwenye kiganja, na kicheko kikaisha.

"Hipsi thelathini na nne? Na tumbo la miezi tisa?"

"Ndivyo alivyo."

"Huyu ni nani? Wewe umeona mwanamke kama huyu kwa ile wodi?"

Nikafikiria wanawake wanaotoka Karungu na Rangwe na Takawiri, wanaoingia wodini wameshika ukuta. "Sijamwona," nikasema.

"Sasa nguo zangu zote ni za watu walio na mwili. Nikikupa ya kumtosha huyo, itakuwa ya msichana wa shule." Aliinama chini ya meza, akatoa mfuko wa plastiki uliofungwa fundo, akaufungua kwa meno. Ndani kulikuwa na rinda la kijani lenye maua madogo meupe, la vifungo vya mbele kutoka shingoni mpaka chini. "Hili ndilo nililovaa siku ile. Nimelifua, madoa yametoka. Siwezi kulivaa na siwezi kuliuza. Chukua."

"Litampwaya, mama. Itabidi nilipunguze."

"Usilipunguze." Aliliweka mikononi mwangu na kulibana hapo kwa mikono yake miwili. "Ukilikata likamtosha yeye, hao watoto watajifunza mwili ambao hawatawahi kukutana nao. Mnenepeshe yeye. Pima mimi."

Tulisogea nyuma ya marinda. Boaz, bila kuambiwa, akageuza kiti chake kikatazama barabara.

"Naomba nipitishe tepu kifuani," nikasema. Akainua mikono. "Sasa tumboni. Sasa nitapitisha kwenye nyonga, sawa?"

Mtoto alikuwa amelala juu ya rundo la sweta.

"Sawa," akasema. "Endelea kuuliza."

Jumatatu, baada ya masomo, wanafunzi wote walibaki. Tulikata mashuka makuukuu ya pamba, tukamzungushia mdoli nyongani na mapajani, tukashona kitambaa juu yake, tukapima, tukaongeza, tukapima tena. Mmoja wa wasichana alisema, "Sasa anafanana na shangazi yangu," na tangu hapo hakuna aliyemwita Manzi wa Ulaya. Rinda la Gesare lilipofungwa vifungo lilimkaa kama lililokatiwa yeye. Tukaongeza leso. Kisha tukaanza mazoezi upya: unabisha, unasema jina lako, unaomba, unafungua vifungo vya chini tu, leso inabaki magotini. Mara ya kwanza walijikwaa na vifungo wakaona haya. Kufikia Jumanne mchana vidole vyao vilikuwa vinajua njia.

Jumanne jioni Madam Rael, mkuu wa mafunzo, aliingia. Si mtu mbaya. Ndiye aliyenipa kazi hii nikiwa nimetoka tu chuo kikuu, nikiwa na cheti na ndoto peke yake. Alimwangalia mdoli kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Amependeza," akasema. "Sasa mvue. Watahini wamepiga simu. Wanakuja kesho badala ya wiki ijayo."

"Madam, nimeahidi kesho atakuwa amevaa."

"Umemwahidi nani?"

Nikamweleza. Alisikiliza yote, hakunikatiza.

"Nimehuzunika," akasema. "Kweli. Lakini mtihani una dakika zake, Mourine. Mwaka juzi wanafunzi walirudia mtihani kwa kuchelewa kidogo tu, wazazi wakaja kulia ofisini kwangu, si kwako. Karatasi ya watahini haina alama za kufungua vifungo. Keshokutwa mvalishe hata gauni la harusi."

"Hilo neno la harusi, Madam, ndilo aliloambiwa."

Alikunja uso. "Huyo ni plastiki."

"Ndiyo. Lakini watakayemgusa baada yake si plastiki. Kama nguo inaweza kuvuliwa kwa sababu watahini wana haraka, basi kesho wodini itavuliwa kwa sababu daktari ana haraka, na keshokutwa kwa sababu kuna foleni. Haraka haitaisha, Madam. Mama ndiye anayeambiwa angoje heshima yake mpaka tupate nafasi."

Sikuwa nimewahi kumjibu mtu aliyenizidi umri kwa sauti ile.

Madam Rael hakukasirika, na hiyo ndiyo iliyoniuma. "Mkataba wako unaisha wiki hii," akasema. "Barua ya kukuongezea miaka miwili iko mezani kwangu, inangoja sahihi yangu. Nataka kuisaini. Nikimkuta amevaa asubuhi, nitajua siwezi kukutegemea. Lala ufikirie."

Nilifikiria, ndiyo. Nilifikiria wanafunzi zaidi kuliko mimi, kwa sababu mtihani ulikuwa wao. Kwa hiyo asubuhi niliwakusanya mapema, nikawaambia ukweli: nguo itawagharimu muda, na karatasi haitawalipa. Anayetaka mdoli bila nguo aniambie, nitamvua zamu yake ikifika, na sitamwona vibaya.

Walitazamana.

"Acha avae, Madam," Elvis akasema. "Sisi tushazoea."

Watahini walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke, wenye saa na karatasi. Madam Rael aliingia nyuma yao, akamwona mdoli na rinda lake la kijani, kisha akaniona mimi. Alivuta kiti akakaa.

Elvis alikuwa wa kwanza. Alibisha mlango uliokuwa wazi. Akasogea upande wa kichwa, si wa miguu.

"Habari yako, mama. Naitwa Elvis, nitakuwa na wewe mpaka umshike mtoto wako. Naomba nifungue vifungo vya chini, hivi vya juu nitaviacha. Ukisikia vibaya, niambie nisimame."

Mtahini wa kike alipitisha kalamu kwenye karatasi yake kutoka juu mpaka chini, akitafuta mahali pa kuyaandika hayo. Akageuza upande wa pili. Hapakuwepo. Kalamu ikabaki hewani, naye akaendelea kumwangalia Elvis. Saa ilipolia, Elvis alikuwa amemaliza, jasho likimtiririka. Msichana mmoja aliyemfuata alikuwa hajafunga kitovu cha mpira saa ilipolia, akatoka akifuta macho, na nikajiuliza kama nina haki ya kuwa na msimamo kwa jasho la wengine. Bado najiuliza. Wengine wote walimaliza kwa muda.

Mchana Madam Rael aliniita. Barua ilikuwa mbele yake. Alisema watahini hawakulalamika, wala hilo halikuwa jambo lenyewe. Jambo lilikuwa kwamba aliniomba nami nikakataa. Akaifungua droo, akaiweka barua ndani bila sahihi, akafunga. Nikamshukuru kwa kunipa kazi ya kwanza. Nilimaanisha. Lakini niliondoka ofisini kwake na hasira yangu yote.

Nilikuwa napanga vitabu na kikombe changu kwenye katoni mlango ulipobishwa.

"Karibu."

Alikuwa Gesare, mtoto mgongoni, mfuko wake wa nguo umepungua. Alipita moja kwa moja mpaka mezani. Mdoli alilala kama mwanafunzi wa mwisho alivyomwacha, rinda limefungwa, leso imefika magotini. Gesare aligusa maua meupe kwenye kola. Kisha akaiona katoni sakafuni.

"Sista, unahama?"

"Mkataba haukuongezwa."

Akaangalia katoni, akaangalia rinda. "Ni kwa ajili ya hii?"

"Nilikuambia Jumatano, mama."

Nje, sokoni, mtu alikuwa akinadi omena. Gesare akainama, akaona kifungo kimoja cha katikati kimeingizwa kwenye tundu lisilo lake, rinda limejikunja hapo.

"Samahani, mama, nikurekebishe," akamwambia mdoli, na akakifungua taratibu, akakifunga mahali pake.