Bawa la Kushoto

Wadudu wa ziwani waliganda kwenye rangi mbichi ya ndege yangu, bawa la kushoto lote, na Mzee Waweru alikuwa anahama kutoka Kisumu kesho yake asubuhi.

Kosa ni langu. Rangi ya mafuta inanuka, kwa hivyo jioni nilifungua dirisha, nikawasha taa nione vizuri, nikapaka, nikaenda kula. Mtu aliyezaliwa kando ya ziwa anajua wadudu wale hufuata taa. Nilijua. Nilisahau kwa furaha ya kumaliza. Kulipokucha, bawa lilikuwa na manyoya.

Ilikuwa F-5, jeti ya kivita, ya plastiki, urefu wake kama rula ya shule. Mzee Waweru alikuwa fundi wa jeti hizo jeshini, kabla ya kustaafu na kupanga nyumba jirani yetu hapa Kaloleni. Mimi ni fundi wa kuchomelea. Shule niliacha darasa la sita. Geti la chuma liliponivunja mguu nikawa mtu wa kulala na kutukana kila anayeingia. Waweru aliingia, akatukanwa, akaniwekea kitandani boksi la vipande vya ndege, akasema nitumie hayo mate kugandishia. Sijamtukana tena. Ndege zile zilinirudishia kazi ya vidole, na kichwa pia.

Lakini Mzee kusifu hakujui. Kila ndege niliyounda aliipitishia kidole, akapata kasoro, akanirudishia. Sasa macho yake yalikuwa yanaisha, na wanawe walikuwa wanampeleka kwao Nyeri. Nilitaka aondoke na moja aliyoikubali. Nyingine isingekuwapo.

Nikashika wembe, kisha msasa. Wadudu walitoka, na riveti, vile vidoti vya misumari ya bati, zikatoka nao. Riveti za bawa lile nilikuwa nimezidunga moja moja kwa sindano tangu Pasaka. Msasa ulizifuta kabla ya chai. Nikapaka upya bawa laini kama sahani. Ikabaki kukauka, na nje kulikuwa na jua zuri, vumbi na wadudu wengine.

Mke wangu Atieno alinitazama. Kisha akayatoa mandazi kwenye kabati lake la vioo, lile la kuuzia barazani, akayamwaga kwenye beseni.

"Iweke humu, ufunge," akasema. "Na usiniambie asante, utaniudhi."

Kutwa nzima kabati lilikaa juani. Wateja waliuliza kama ile ndege inauzwa na chai.

Asubuhi ya safari nilimkuta Magdalene, mke wa Waweru, anapakia gari la mwanawe. Nikamkabidhi Mzee ndege. Kidole chake kilipita bawa la kulia polepole, kikaingia la kushoto, kikasimama.

"Riveti za huku ziko wapi?"

Nikamweleza yote.

"Taa inawaka, dirisha wazi, na wewe ni mtu wa ziwa," akasema. "Hata mimi wa milimani najua."

"Ndiyo, Mzee."

Nilingoja anirudishie. Akalipitia tena bawa lile, huku na huku, bila haraka. Kisha akamwambia Magdalene atoe mfuko wa omena, dagaa wa ziwani, kwenye kiti cha nyuma.

"Niuweke wapi?"

"Upakate."

"Mimi nipakate omena, ndege ikae kwenye kiti?"

"Bawa lake limetengenezwa jana," akasema Mzee. "Halitaki kubanwa." Akanigeukia. "Hii naichukua, Oluoch. Kazi iko sawa."

Nikamfungia mlango, kwa sababu hakuuona mshikio.

Ndege ile ilinigharimu riveti za bawa moja. Ilimgharimu Atieno biashara ya siku nzima, na mandazi ya juma lililofuata yaliyonuka rangi, ambayo tuliyala wenyewe. Na sote tukapoteza jirani mmoja.