Shati la Sampuli

Hafidha alifungua duka lake la ghorofa ya sita kama anavyolifungua kila asubuhi: akapandisha mlango wa bati, akachomeka birika la umeme, akatundika sampuli nje. Sampuli ya wiki ile ilikuwa shati la polisi wa Marekani. Kiwanda kimoja nje ya mji kilikuwa kimeshona sare za wilaya fulani ya huko, na wenye oda wakazikataa kwa sababu bluu ya kiraka cha begani haikuwa bluu waliyoiagiza. Hafidha alizichukua marobota mazima azipeleke Dar es Salaam, kwa kampuni ya walinzi ambayo haikuwa na ugomvi na bluu yoyote. Katika jengo lile, nyuma ya Tianxiu, soko la Waafrika mjini Guangzhou, desturi ni kwamba mzigo ukiwa unasubiri kontena, kipande kimoja kinatundikwa mlangoni ili wapita njia wajue mwenye duka ana nini. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba ziko nguo zisizofaa kutundikwa.

Kabla maji hayajachemka, shati lilijaa kifua, likashuka kwenye henga, likanyoosha kola na kuanza kutembea koridoni. Halikuwa na kichwa wala miguu. Lilikwenda juujuu, usawa wa mtu wa kimo cha kawaida, mikono imeshika kiuno, na lilipofika kwenye lifti likageuka likarudi. Hafidha alilitazama akimimina chai. Kilichomkera ni kwamba sasa hakuwa na sampuli, na ilimbidi afungue robota jingine. Safari hii alitundika suruali.

Mlinzi wa jengo, mzee wa Hunan mwenye usingizi wa kudumu, alilisogezea shati kiti chake. Shati likamshukuru kwa Kiingereza cha puani, likasema lingependelea kusimama.

Aliyelifurahia kuliko wote ni Nikodemu. Huyu alikuwa mtu wa Biharamulo, mnunuzi wa simu na chaja, mrefu, mcheshi, asiyeweza kupita duka lolote bila kusimama kupiga soga. Ndiye aliyebebeshwa vifurushi na korido nzima. Mtu anayeruka kwenda nyumbani huwa na kilo zake za ndege, na akibakiwa na nafasi huwabebea wenzake: dawa ya mzazi, simu ya zawadi, kitambaa cha sherehe. Wengi walibeba. Lakini Nikodemu peke yake ndiye ambaye watu walimpa mfuko bila kuufunga kwa gundi.

"Dada Hafidha, umetuletea ustaarabu," alisema, akiwa ameketi kwenye kistuli mlangoni pa Liang, jirani yao, muuza mashine za kunyolea. "Kule polisi si bwana mkubwa. Mkuu wao wa wilaya anapigiwa kura kama diwani wetu. Hawezi kuingia kwako bila kibali cha hakimu. Akikukamata, kwanza anakusomea haki zako. Sheria iko juu ya gavana, iko juu ya rais mwenyewe."

"Na wale tunaowaona kwenye simu, wamekandamizwa kwa magoti barabarani?" Hafidha aliuliza.

"Kesi zao zilifika mahakamani. Ndiyo maana ukaziona."

Hafidha alikuwa mwanamke wa Malindi ya Unguja, aliyezoea kupindua kitambaa aone mshono wa ndani kabla hajataja bei, na kila alipojaribu kulitazama shati lile kwa ndani lilikuwa limefungwa vifungo mpaka shingoni. Hakulipenda. Hakuweza kusema kwa nini, na jambo hilo nalo lilimuudhi.

Shati lilianza kusimamisha watu siku hiyohiyo. Lilimsimamisha Nikodemu, naye akaonyesha pasi yake kwa furaha, kama mtu aliyeombwa picha ya wanawe. Lilimsimamisha mama wa Kikongo mwenye mabegi ya nywele. Mfanyabiashara wa Yemen lilimwinamishia kola akapita. Wachukuzi wa Kichina walipita na mikokoteni, na mzungu mmoja asiyejulikana na mtu aliingia na begi tupu akatoka nalo limejaa, shati likamshikia mlango wa lifti.

Odhiambo, wakala wa mizigo kutoka Kisumu, alikuja kulalamika akiwa na suti yake ya kijivu.

"Mathe, hiyo shati yako imenisimamisha mara ya pili leo. Na mimi niko na tai."

"Limesemaje?"

"Ati nafanana na maelezo."

"Maelezo ya nani?"

"Nimeuliza. Ati bado hayajatolewa."

Yalitolewa siku ya tatu. Liang alihesabu mzigo wake akakuta katoni moja ya mashine za kunyolea haipo. Shati lilifika kabla hajamaliza kushangaa, likamuuliza alimwona nani. Liang alisema hakumwona mtu. Shati likamshukuru, likasema maelezo hayo yanatosha, likageuka na kumkamata Nikodemu, ambaye alikuwa palepale kwenye kistuli anakula chungwa.

"Una haki ya kunyamaza," shati lilisema. "Chochote utakachosema kitatumika dhidi yako."

Nikodemu alitabasamu. Maneno hayo aliyajua kwa moyo, na hakuwahi kutarajia kusomewa yeye. "Sina cha kuficha, afande," alisema, na watu wote waliyaona maneno yale yakitoka mdomoni mwake na kuingia kwenye mfuko wa shati wa kushoto, nao mfuko ukafura kidogo. Hapo ndipo Hafidha alipogundua kwamba mfuko ule ulikuwa umefura tangu juzi.

Shati lilifungua kifungo cha mfuko. Sauti ya Nikodemu ikatoka humo, safi kabisa, na kicheko chake ndani: "Laoban, bosi wangu, kwa bei hizi bora nikuibie tu!"

Liang alicheka. Akaeleza, kwa mikono na kwa Kiingereza cha sokoni, kwamba utani huo watu wote humtania, hata yeye humtania hivyo mwenye nyumba wake. Shati lilimwekea mkono mtupu begani, likasema ni kawaida ya aliyeibiwa kuwa na mshtuko.

Nikodemu aliwekwa kwenye chumba cha mifagio mwisho wa korido. Hakusukumwa wala hakutukanwa. Alipewa kiti na maji. Watu waliendelea na shughuli zao, ila walianza kuzungumza kwa uangalifu, wakigeuza nyuso ukutani mfuko ule unapopita. Wengine waliacha kabisa kusema bei kwa sauti. Mama wa Kikongo alimwambia Hafidha kwa kunong'ona kwamba Nikodemu alikuwa hodari mno wa kucheka, na mtu anayecheka hivyo lazima ana jambo. Hafidha alimwambia asiseme upuuzi. Lakini alilisikia, na lilibaki.

Ijumaa, baada ya sala, alimpelekea chapati na maharage. Alimkuta amekaa na shati jingine, jeupe, lenye mkono mmoja mrefu kuliko wa pili na kifungo kilichong'oka. Hilo lilikuwa limetoka kwenye robota lilelile la sare za polisi, na lilikuwa wakili wa Nikodemu. Wakili hutolewa bure kwa asiye na wakili. Hiyo nayo ni haki. Lilikuwa limechoka. Lilisema lina kesi nyingine ghorofa ya tatu na nyingine ya tisa, kwa hiyo litaeleza mara moja.

"Unaweza kuhukumiwa na raia kumi na wawili," lilisema. "Ni haki yako, hakuna wa kukunyang'anya. Watapatikana mwezi ujao, au unaofuata. Mpaka hapo utangoja humu. Au unaweza kukiri. Ukikiri unatoka leo."

Hafidha alijua, na Nikodemu alijua, kwamba viza yake ilikuwa inakwisha Jumamosi na ndege yake ilikuwa siku hiyohiyo. Anayekaa China baada ya viza kwisha hujitafutia kufungiwa mlango. Bila Guangzhou Nikodemu hakuwa na biashara, na bila biashara mkewe Albina na watoto wangerudi kulima shamba la ndugu.

"Usikiri, kaka Niko," Hafidha alisema. "Hujaiba kitu."

"Najua sijaiba."

"Basi wangoje hao kumi na wawili. Si wewe uliyewasifia?"

"Viza nayo itawangoja?"

Shati jeupe lilitazama kwenye kifundo cha mkono wake, ambapo hapakuwa na saa.

"Karibu wote hukiri," lilisema, bila ubaya. "Wale kumi na wawili ni watu wazuri, lakini ni wachache waliowahi kuwaona."

Nikodemu alikula chapati moja, akanawa kwenye ndoo ya mopu, akakiri. Shati la polisi lilimpongeza, likampa mkono, na yeye akaushika ule mkono wa kitambaa kwa adabu. Mlango ukafunguliwa. Jambo zima lilimalizika kabla maharage hayajapoa, na Hafidha aliona aibu iliyomchoma mpaka masikioni, ingawa hakukiri chochote yeye.

Jioni ile Nikodemu alipita madukani kama kawaida yake kuuliza nani ana mzigo wa nyumbani. Mama wa Kikongo alisema ameshapata mtu. Odhiambo alikuwa na simu ya dada yake anayesoma Dar, imefungwa mezani inaonekana kabisa. "Si ati nakushuku, bro," alisema akiivuta kwake. "Ni vile tu nimebadilisha mpango." Liang alikuwa amekiingiza kistuli ndani.

Jumamosi asubuhi wachukuzi walikuja kuteremsha mzigo wa Hafidha uende bandarini Huangpu. Waliponyanyua robota la mwisho, chini yake palikuwa na katoni ya mashine za kunyolea, imepuliziwa rangi ya kijani, alama ya mizigo ya Hafidha. Mchukuzi mmoja alikumbuka vizuri: siku ya kupandisha mzigo aliambiwa apulizie kila kilichokuwa kwenye lifti, naye alipulizia kila kilichokuwa kwenye lifti. Hafidha aliibeba katoni mwenyewe, nzito vile, akaitua mbele ya shati.

"Hii hapa. Hakuna aliyeiba."

"Nafurahi mali imepatikana," shati lilisema.

"Basi mfutie Nikodemu."

"Alikiri."

"Alikiri kwa kuwa ulimfungia!"

"Alikiri kwa hiari yake, mbele ya wakili wake. Kesi imefungwa."

"Na mwizi ni nani, kama katoni haikuibwa?"

"Aliyekiri," shati lilisema, kwa upole wa mtu anayemwelekeza mgeni njia, na likaendelea na doria. Liang aliipokea katoni yake, akashukuru, akamkaribisha Hafidha chai. Kistuli hakukitoa.

Hafidha alishuka kwa ngazi kwa kuwa lifti ilikuwa na watu. Alikuwa amekasirika kweli, na hasira ilimpa uamuzi. Ndani ya mkoba wake mlikuwa na bangili za dhahabu alizomnunulia mwanawe Nahla, za harusi, ambazo hakuwa amepata mtu wa kuzipeleka. Angempa Nikodemu, tena mbele ya watu, bila gundi, ili korido nzima ipate habari.

Alimkuta kwenye mlango wa metro na sanduku moja jepesi. Alimweleza yote akihema: katoni, rangi, mchukuzi, shati na jibu lake. Nikodemu alimsikiliza akimtazama kwa huruma, kama yeye ndiye aliyekuwa na matatizo.

"Najua ilipokuwa," alisema. "Niliiweka mimi."

"Uliiweka wapi?"

"Chini ya marobota yako. Liang alikwenda kula, korido ilikuwa tupu. Niliisukuma kwa mguu mpaka kwenye lifti, ikapuliziwa rangi yako pamoja na marobota. Nilitaka niichukue mzigo ukifika Dar. Nisamehe, dada. Nilikutumia vibaya."

"Kaka Niko, mzigo ukipandishwa ulikuwa kwangu. Tulikuwa tunakunywa chai."

"Nilitoka kidogo kupokea simu."

Hafidha alijaribu kukumbuka. Ndiyo, alitoka kupokea simu. Alikaa nje muda gani, hakuweza kusema.

"Walikubana," alisema. "Mtu akibanwa husema lolote."

"Nani alinibana? Nilipewa maji. Nilipewa wakili." Nikodemu alitabasamu, na lilikuwa tabasamu lake lilelile la siku zote. "Mtu hakiri bure mbele ya sheria kama ile, dada Hafidha. Nimefikiri usiku kucha. Ama ile sheria ni ya uongo, ama mimi ni mwizi. Na ile sheria naijua."

Watu wa metro waliwapita pande zote mbili na masanduku yao. Nikodemu akamuuliza kama ana kitu cha kupeleka nyumbani. Nafasi anayo, sanduku ni tupu.

Hafidha alikuwa ameibeba ile katoni kwa mikono yake mwenyewe. Alikuwa amemsikia mchukuzi kwa masikio yake mwenyewe.

"Hapana, kaka. Nilikuja kukuaga tu," alisema, na akauhamishia mkoba kwenye bega la pili, upande ambao Nikodemu hakuwapo.